Mrija wa Ekaju

Kila asubuhi Elinah alikoroga uji wa wimbi, akaumimina ndani ya kibuyu, akavuka ua mpaka kwenye kibanda kilichokuwa cha mbuzi. Hakuingia. Aliweka kibuyu juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kumi, akaita:

"Baba Akwi! Uji."

Mlango ulifunguka kidogo. Mkono mwembamba ukatoka, ukachukua kibuyu. Ulikuwa mkono wa Ekaju, mume wake. Miezi mitatu iliyopita mkono huo ulikuwa unamshika fahali pembe, na fahali anatulia.

"Mtoto amelalaje?" sauti ya ndani iliuliza.

"Amelala vizuri."

"Ananyonya?"

"Ananyonya sana."

"Usimlete huku."

"Sijamleta, Baba Akwi."

Maneno yalikuwa hayo hayo kila siku. Mtoto mwenyewe alikuwa mvulana wa wiki sita. Baba yake alikuwa amemwona mara mbili tu, tena kwa mbali, akiwa mgongoni kwa mama yake. Kwa hiyo Ekaju alikijua kisogo cha mwanawe tu. Uso hakuujua.

Sababu ilijulikana kijiji kizima, kutoka kwao mpaka barabara ya Busia kwenda Tororo. Ekaju alikuwa anatema damu. Na mtu akitema damu, watu hutaja ugonjwa mmoja tu: kifua kikuu. Ulimi wa kijiji hauna darubini, lakini haucheleweshi majibu.

Ekaju mwenyewe ndiye aliyehamia kwenye kibanda, kabla mtoto hajazaliwa. Na sasa alikuwa ameamua jambo zito zaidi. Mwezi ukiisha, Elinah achukue watoto wote wawili, Akwi na huyu mdogo, arudi kwao Buhehe. Ng'ombe wabaki na kaka wa Ekaju. Yeye abaki na kibanda chake mpaka Mungu amwite.

Elinah hakutaka kurudi Buhehe. Alimpenda mume wake. Alitaka alale ndani ya nyumba yake na amshike mtoto wake. Lakini angefanya nini?

Ekaju hakuwa hivi zamani. Zamani alikaa na wanaume wenzake kuzunguka chungu cha mama yake. Mama yake aliitwa Akongo, na wote walimwita Toto Akongo, kwa maana kwa Waiteso toto ni mama. Hakuna aliyempita kwa kupika ajon, pombe ya wimbi. Alimimina maji yanayochemka ndani ya chungu, na kila mwanamume akatumbukiza mrija wake mrefu, akavuta taratibu. Kwenye ncha ya kila mrija palikuwa na kichujio kidogo kilichosukwa vizuri, ili makapi yasipande mdomoni.

Mrija wa Ekaju ulikuwa wa marehemu baba yake, mzee Emojong. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, na umekuwa mwekundu kwa kushikwashikwa.

Halafu, mwaka mmoja baada ya Uhuru wa Uganda, Ekaju aliokoka. Alisimama mbele ya chungu, akawaaga wanaume, akasema ameacha pombe tangu siku hiyo. Toto Akongo alinuna mwezi mzima. Mwana wa mpika pombe kuacha pombe! Ni kama mwana wa mfinyanzi kukataa kula kwenye chungu.

Mrija hakuutupa. Alisema, "Huu ni mti wa baba yangu. Mti haujatenda dhambi." Lakini kichujio kilikuwa kinanuka pombe ya miaka kumi. Alichukua kisu akakikata, akakitupa motoni.

Tangu hapo mrija ulikuwa wa malishoni. Ng'ombe walipokunywa kwenye kidimbwi, Ekaju alisimama juu ya jiwe, mbali na matope, akatumbukiza mrija akavuta maji. Hakuinama wala hakuchafuka magoti. Wachungaji wenzake walimcheka sana.

"Tazama mlokole! Ameacha ajon ya mama yake, sasa anakunywa ajon ya vyura!"

Ekaju alicheka nao. Maji yalikuwa baridi, na jua lilikuwa kali.

Damu ilianza kidogo. Kwanza tone puani. Halafu akawa anaamka asubuhi na kutema damu. Alisema kuna kitu kinamtekenya nyuma ya pua, hapo juu ya koo. Sauti yake ikawa ya mtu aliyezibwa pua. Nguvu zikapungua. Viganja vyake vikawa vyeupe. Walokole wenzake wakamwombea. Mganga wa mitishamba akamfukizia majani. Damu haikukoma.

Mara moja alikwenda zahanati ya Busia. Aliporudi na Elinah kumwuliza, alijibu, "Wamenipima." Hakuongeza neno, na siku ya pili alihamia kwenye kibanda.

Sasa, asubuhi moja, Elinah alipokwenda kuchukua kibuyu alikuta kitu kingine juu ya jiwe. Ilikuwa Biblia ya Ekaju.

"Chukua," sauti ilisema. "Akwi akijua kusoma, mpe."

Elinah alijua maana yake. Mtu anayegawa Biblia yake anaaga. Alikaa chini pale uani, akaifungua, machozi yanamtoka. Karatasi iliyokunjwa ikaanguka mapajani. Ilikuwa na muhuri wa zahanati.

Elinah alikuwa anajifunza kusoma katika darasa la watu wazima kanisani. Alijua kusoma jina lake, na majina ya watoto, na tarakimu. Aliona jina Ekaju. Akaona neno Tororo. Mengine yote yalikuwa ya Kiingereza. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mbio barabarani.

Pale barabarani alikuwepo Mahmudu, dereva wa lori la pamba. Alikuwa mtu wa mjini Busia, na mke wake Mastula aliuza vitambaa sokoni. Mahmudu alisoma shule mpaka darasa la sita, na Kiingereza alikijua. Elinah alimkuta anakagua gurudumu.

"Mama Akwi, kuna nini? Mbona unalia?"

"Nisomee hii."

Mahmudu alipangusa mikono, akasoma polepole midomo ikicheza. Halafu akasoma tena.

"Nani alisema huyu bwana iko na kifua kikuu?"

"Kila mtu."

"Hii barua inakataa. Inasema makohozi yamepimwa mara tatu kwa darubini. Kifua kikuu hakuna. Inasema damu inatoka juu, nyuma ya pua, lakini pale zahanati hawana chombo cha kuona mpaka huko. Wanamwomba daktari wa upasuaji wa Tororo amtazame. Mgonjwa aende upesi." Mahmudu alitazama tarehe. "Wallahi! Barua hii iko na wiki saba!"

Wiki saba imelala ndani ya Biblia! Elinah hakujua acheke au alie.

"Mama Akwi, wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua," Mahmudu alisema. "Kesho asubuhi mimi nakwenda Tororo na pamba. Mlete."

Elinah alirudi nyumbani. Safari hii hakusimama kwenye jiwe. Alimwacha mtoto kwa bibi yake, akasukuma mlango wa kibanda, akaingia.

Ekaju alirudi nyuma mpaka ukutani. "Toka! Utaambukizwa!"

"Nitaambukizwa nini? Barua inasema kifua kikuu hakuna." Elinah alimwonyesha karatasi. "Kwa nini umenificha?"

Ekaju aliinamisha kichwa. Damu kidogo ilikuwa imekauka juu ya mdomo wake.

"Dresa wa zahanati, yule anayefunga vidonda, aliniambia sina kifua kikuu," alisema. "Mimi nikajua ananituliza tu. Mgonjwa wa kifua huambiwa hivyo ili asife kwa hofu. Halafu akasema nakwenda kwa daktari wa kupasua. Mama Akwi, mtu akipasuliwa hapa," akashika kifua chake, "anabaki nini? Nikaona bora nife nikiwa mzima."

Toto Akongo alikuwa amesimama mlangoni na mjukuu wake mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Hata mimi kisu cha hospitali sikitaki," alisema. "Nilimwona mtu wa hapa anapelekwa Tororo kwa miguu yake. Alirudi ndani ya blanketi."

"Toto, alipelekwa siku ya ngapi?" Elinah aliuliza kwa heshima.

Akongo alifikiri. "Tumbo lilimvimba siku nane. Ya tisa tukampeleka."

"Je, ni kisu kilichomwua, au ni zile siku nane?"

Akongo alimtazama mwanawe, jinsi mashavu yalivyoingia ndani. Ndipo uchungu ulipomshika.

Elinah akasema, "Baba Akwi, kesho lori linakwenda Tororo. Kama hutaki, mimi nakwenda peke yangu na barua. Nitamwambia daktari mwenye barua amebaki nyumbani, anaogopa."

"Mwana wa Emojong, anaogopa?" Akongo aliuliza. "Nenda, mwanangu. Mama yako anakuomba."

Kesho yake Ekaju alipanda lori. Walikaa juu ya magunia ya pamba, yeye upande huu, Elinah na mtoto upande ule. Alikataa kabisa kusogea. Jiwe kubwa la Tororo lilitokea mbele yao, likakua, mpaka wakafika mjini.

Hospitalini walipokewa na nesi aliyeitwa Sista Roselyn. Alikuwa mnene, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Kenya. Alisoma barua, akampima Ekaju damu, akatikisa kichwa.

"Damu yako imepungua sana, bwana. Lakini umekuja. Aliyekuja tunaweza kumsaidia."

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Hakushika kisu. Alimkalisha Ekaju kitini, akafunga taa kwenye paji la uso wake mwenyewe, akamwambia afungue mdomo. Alikandamiza ulimi, akaingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu. Kioo hicho kilitazama juu, nyuma ya kimeo, pale ambapo pua na koo hukutana. Hapo jicho la mtu haliwezi kufika lenyewe.

Daktari alitazama. Akatazama tena.

"Sista, njoo uone."

Roselyn aliinama. "Yesu wangu! Kinajikunja!"

Elinah aliyekuwa amesimama nyuma alisogea. "Nini kinajikunja?"

"Subiri, mama," daktari alisema. "Mumeo hatakatwa. Mwambie atulie tu."

Alipuliza dawa ya kutia ganzi kooni na puani. Wakangoja. "Dawa hii inamfanya mgonjwa asisikie maumivu," Roselyn alieleza, "na yule mgeni wake naye analegea." Halafu daktari akachukua koleo ndogo iliyopinda. Akaiingiza nyuma ya kimeo. Akabana, akavuta polepole sana. Ekaju alitoa machozi, akashika kiti kwa mikono miwili.

Kitu kikatoka. Kilikuwa cheusi, kinateleza, kinene kwa damu, kirefu kuliko kidole cha mtu mzima. Daktari alikitia ndani ya chupa ya kioo, na humo kikaanza kujinyoosha na kujikunja pole pole.

"Ruba!" Ekaju alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili sauti yake kutoka safi.

Ruba walimjua. Kila mchungaji anamjua mdudu huyu wa majini anayefyonza damu. Humganda ng'ombe mdomoni na puani, na mwenye ng'ombe humtoa. Lakini ndani ya mtu?

"Nimepasua watu miaka kumi na mitano," daktari alisema. "Huyu ni wa pili kumwona ndani ya pua ya mtu. Ni nadra sana. Ruba mchanga ni mwembamba kama uzi. Anaingia na maji ya kunywa, anajishikiza, anakunywa damu na kunenepa. Akifyonza, jeraha halikauki upesi. Ndiyo maana ulitoka damu kila siku. Wewe unakunywa maji wapi?"

Ekaju alitazama chini. "Kidimbwini. Kwa mrija."

"Mrija wa pombe?"

"Wa pombe, lakini mimi nimeokoka. Navuta maji tu."

"Ile mirija si ina kichujio?" Roselyn aliuliza.

Elinah ndiye aliyejibu. "Alikikata. Alisema kinanuka dhambi."

Daktari aliuma midomo asicheke, akashindwa. Roselyn alicheka mpaka akashika meza. Hata Ekaju mwenyewe alicheka, mashavu yamelowa machozi.

"Wenzako kwenye chungu wananywa maji yaliyochemka tena yamechujwa," Roselyn alisema. "Wewe umekunywa maji ya ng'ombe, mabichi, bila kuchuja. Sikuambii rudi kwenye pombe, ndugu yangu. Kuacha pombe ni vizuri. Lakini kile kichujio hakikuwa na kosa. Maji ya kidimbwi yachuje kwa kitambaa safi kilichokazwa, halafu yachemshe mpaka yatokote. Kuchuja kunamzuia ruba. Kuchemsha kunaua vile vidudu tusivyoviona, vinavyoleta kuhara na homa ya matumbo. Ukienda malishoni, beba maji yako kwenye kibuyu."

"Je, tungemtoa sisi wenyewe?" Elinah aliuliza. "Ng'ombe tunamtia chumvi, au maji ya tumbaku."

"Usijaribu kwa mtu," daktari alisema. "Maji ya tumbaku ni sumu. Na ukimvuta ruba kwa nguvu anakatika, mdomo wake unabaki ndani. Au anaanguka kooni, mgonjwa anakosa pumzi. Mlete kwetu, tuna vyombo."

Kisha akawa mkali kidogo.

"Na sikilizeni. Mtu mwingine akitema damu kule kwenu, msiseme ni ruba. Wengi wana kifua kikuu kweli, na kifua kikuu kina dawa. Lakini kitajulikana kwa kupimwa. Hakijulikani kwa maneno ya watu, wala hakiponi kwa kumfungia mtu kibandani. Ukipewa barua, ifuate barua. Daktari wa upasuaji hapasui kila anayemwona. Kwanza anatazama."

Ekaju alilala hospitalini siku tatu. Damu haikutoka tena hata tone. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa ale maharage, kunde na mboga za majani. Siku ya nne Mahmudu alikuja na lori. Alionyeshwa ile chupa, akairudisha haraka.

"Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Chako, bwana, kilitafuta nyumba ya juu zaidi!"

Kwenye lori Ekaju alikaa karibu na Elinah. Lakini mikono aliiweka mapajani. Hakumshika mtoto.

"Baba Akwi, bado unaogopa?"

"Mikono imezoea kukataa," Ekaju alisema. "Nipe muda."

Elinah hakumsukuma.

Nyumbani watu walikuwa wengi. Toto Akongo alipika ajon, na wanaume walikuwa wamezunguka chungu, mirija yao mikononi. Walipomwona Ekaju anatembea mwenyewe waliweka mirija chini. Aibu iliwashika, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kukaribia kibanda kile. Mkubwa wao alisimama.

"Ekaju, sisi tulikukimbia," alisema. "Tusamehe."

"Hata mimi nilijikimbia," Ekaju alijibu.

Toto Akongo alitoka ndani na mrija wa mzee Emojong. Kwenye ncha palikuwa na kichujio kipya, kimesukwa vizuri. Pembeni ya chungu kikubwa aliweka chungu kidogo.

"Usinitazame hivyo," alimwambia mwanawe. "Hayo ni maji. Nimeyachuja kwa kitambaa, nimeyachemsha mpaka yametokota, yamepoa. Elinah alinitumia habari kwa Mahmudu, na mimi najua kuchemsha maji kuliko huyo nesi wenu. Kaa na wenzako."

Ekaju alikaa. Alitumbukiza mrija, akavuta maji safi, na wanaume wakavuta ajon yao. Tangu aokoke, ilikuwa mara ya kwanza kukaa nao.

Lakini jambo moja lilibaki. Mtoto hakuwa na jina. Kwa desturi yao, bibi huchovya kidole kwenye ajon, akamtia mtoto mdomoni, huku akitaja majina ya wazee. Jina likitajwa na mtoto akanyonya kidole, ndilo lake. Ekaju alikuwa ameapa mwanawe hataonjeshwa pombe. Akongo alikuwa ameapa mjukuu wake hatapata jina bila ajon. Hivyo wiki sita zilipita, na mtoto aliitwa Mtoto tu.

Akongo alitazama chungu kikubwa. Akatazama kile kidogo. Akashusha pumzi.

"Wazee walitaka kinywaji kilichopita motoni," alisema. "Hayo maji yamepita motoni. Lakini kidole changu ni cha pombe tangu ujana. Ekaju, nawa mikono. Chovya chako."

Ekaju alinawa kwa sabuni mara mbili. Elinah alifungua kitambaa, akamweka mtoto mikononi mwa baba yake. Safari hii mikono ile haikukataa. Kwa mara ya kwanza Ekaju aliona uso wa mwanawe. Aliutazama muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Alichovya ncha ya kidole, akaigusisha mdomoni. Akongo akaanza kutaja majina. "Ebong." Mtoto alifumba macho. "Ilukor." Mtoto alipiga chafya, watu wakacheka.

"Emojong."

Mtoto alikamata kidole cha baba yake kwa ufizi, akanyonya kwa nguvu zote.

Vigelegele vililia uani. Ekaju alilia na kucheka kwa pamoja, pua inamtiririka. Elinah alishtuka, akanyanyua ncha ya kanga, akampangusa haraka. Akaitazama kanga.

Yalikuwa machozi tu, meupe. Damu haikuwepo.